Maoni ya wananchi na adhabu ya kunyongwa

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, hasa ya mtoto, ofisi yetu hupokea swali lilelile: "Wananchi tumeshasema wanyongwe, mnasubiri nini?" Kwenye maonesho ya Wiki ya Sheria kijana mmoja alisimama mbele ya meza yetu akanionesha picha kwenye simu, ya binti wa jirani yao aliyeuawa. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama serikali ya watu haiwasikii watu.

Tuanze na utaratibu. Kwa Tanzania Bara, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ana adhabu moja tu, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Jaji hana hiari. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30, na majaji watatu wa Mahakama ya Rufani huisikiliza. Rufaa ikigonga mwamba, suala huenda kwa Rais, ambaye kwa Ibara ya 45 ya Katiba anaweza kusamehe, kuahirisha adhabu au kuibadilisha iwe nafuu. Bila hati yake hanyongwi mtu, na tangu 1994 hajanyongwa yeyote. Huo si uzembe wa magereza, wala hakuna aliyehongwa. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaulizwa.

Sasa, maoni ya wengi yana uzito gani? Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika kesi ya mshtakiwa Mbushuu, alisema adhabu hii inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata, katika rufaa ya kesi hiyohiyo, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, ila ikaona Ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, inaihalalisha na kwamba ni jamii ya kuamua kama bado inahitajika. Mwaka huohuo wa 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifika kwingine: hata kama wengi wanaitaka, haki ya kuishi haiamuliwi kwa wingi wa sauti.

Sisi wenyewe tumewahi kupita njia hiyo. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991 kuhusu mfumo wa vyama vya siasa, takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaja. Wengi walisikilizwa, na wachache nao hawakutupwa. Anayedai demokrasia ni kuhesabu vichwa basi, aikumbuke tume hiyo.

Tena maoni yenyewe hutegemea swali. Siku ile ya maonesho niliomba wanaounga mkono kunyongwa wanyooshe mikono. Ikainuka karibu yote. Nikauliza: na mama aliyepigwa na mumewe miaka kumi, akapanga usiku mmoja kumtilia sumu? Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Kijana yule akabaki na wake nusu angani, akiutazama. Sheria ilivyo haiwatenganishi wauaji hao wawili. Ndiyo maana Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, mwaka 2019 ilisema adhabu ya lazima inakiuka haki ya kuishi.

Si kazi ya ofisi yetu kuwaambia wananchi washike upande gani. Maoni yapelekwe kwa mbunge, au kwa kamati ya Bunge inapowaita wadau kujadili muswada. Kesi iliyo mahakamani iachwe mahakamani: jaji anapima ushahidi, na picha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu si ushahidi hadi zipokelewe kama kielelezo.

Lipo pia jambo linalotuumiza mno. Tunasoma kwamba mtuhumiwa ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Mahakamani hakuna mshtakiwa wa jina hilo. Aliyeshika tofali, aliyeleta petroli na aliyewasha kiberiti, ikithibitika walikuwa na nia moja, wote wameua kwa kukusudia. Adhabu yao ni ileile waliyokuwa wakiidai kwa mwingine.