Joho jeusi la Mchungaji Ampzing

Samuel Ampzing alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti mjini Haarlem, Uholanzi, na msomi hasa. Mwaka 1628 alitoa kitabu kinene cha mashairi kuusifu mji wake na kusimulia historia yake, na aliwakemea walioichanganya lugha yao na maneno ya kigeni. Alifariki 1632. Frans Hals alimchora kwa rangi juu ya kibamba cha shaba cha takriban sentimita 16 kwa 12, na Jonas Suyderhoef akaichonga sura hiyo kwenye bamba jingine la kuchapia. Udogo huo si wa bahati. Mchongaji hahitaji kupunguza vipimo.

Katika picha iliyochapwa, watu hutazama uso kwanza. Mimi huanza na joho, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Rangi nyeusi kwa brashi ni dakika chache tu, lakini kwenye shaba hakuna weusi, kuna mistari tu. Mchongaji hulaza bamba juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, mkono wa kulia husukuma kichongeo, chuma chembamba chenye ncha kali, wa kushoto huzungusha bamba. Akizamisha ncha, mfereji hupanuka na kubeba wino zaidi. Akilegeza, mstari hufifia kama unywele. Kisha hupitisha safu ya pili ya mistari kimshazari juu ya ile ya kwanza.

Suyderhoef alitumia kichongeo kwa mistari mingine na asidi inayokula shaba kwa mingine, na asidi ina hila zake. Mistari ikibanana mno, kuta nyembamba kati yake huliwa na kuporomoka, pabaki kidimbwi kipana kisicho na kina. Mchapaji akifuta bamba, kitambaa huuzoa wino wote humo. Ulipotaka weusi wa makaa unapata kijivu.

Kola nyeupe, kwa upande wake, ni karatasi iliyoachwa wazi pamoja na mistari michache ya kivuli. Rahisi kusema!

Shaba ni laini. Kila chapa, yaani kila nakala inayotolewa karatasini, hubanwa na mashine, na kabla ya hapo bamba husuguliwa kwa kitambaa na kiganja. Mistari ya kina kifupi ndiyo hufa mapema: vivuli vya shavuni, pembeni mwa pua, chini ya jicho. Kwa hiyo chapa ya mwanzo ina shavu la mviringo. Ya baadaye ina uso bapa kama sahani, na joho limepauka.

Ukipata chapa yoyote ya namna hii, chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie maandishi ya chini. Mchongaji alikwaruza mistari miwili myembamba ya kunyoosha herufi, alizozichonga kinyumenyume. Mikwaruzo hiyo haina kina, na hufutika baada ya chapa chache. Ikiwa bado inaonekana, bamba lilikuwa jipya.