Kwa nini bahari haijalila zege la Warumi?

Gati la zege linalojengwa baharini leo hukadiriwa kudumu miaka 50, pengine 100. Mabaki ya bandari za Warumi yamepigwa na mawimbi miaka 2,000 na bado ni magumu. Walitumia nini?

Kwanza, tuangalie kinachoua zege letu. Maji ya chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutokea ndani. Warumi hawakuweka nondo. Walichanganya chokaa, mawe na majivu ya volkano, hasa ya Pozzuoli, karibu na Naples, Italia. Vitruvius, msanifu wa karne ya 1 KK, aliandika kwamba mchanganyiko huo huganda hata chini ya maji. Mfalme Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, katika Israeli ya leo, majivu hayo yalisafirishwa kwa meli yapata kilomita 2,000!

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maji ya bahari yakipita ndani ya zege hilo huyeyusha baadhi ya majivu, na madini mapya yanaota kwenye matundu na kulikaza. Yaani bahari inalilisha.

Halafu kuna yale madonge meupe ya chokaa. Kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa kazi ya vibarua wavivu wasiokoroga vizuri. Mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba chokaa ilichanganywa ikiwa bado kali, imetoka tanurini na haijazimwa kwa maji, ndiyo maana madonge yakabaki. Ufa ukitokea, maji huingia, donge linayeyuka, kisha chokaa inaganda upya na kuuziba. Watafiti hao walipotengeneza zege la namna hiyo na kulipasua makusudi, nyufa zilijiziba ndani ya wiki mbili.

Mbona basi hatulitumii? Linakomaa polepole, na bila nondo haliwezi kubeba ghorofa ishirini. Lina nguvu likikandamizwa, si likivutwa, ndiyo sababu Warumi walipenda matao na kuba. Kuba la Pantheon, hekalu la kale mjini Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama tangu karne ya 2.

Ila tunayoyaona ni yaliyosalia tu. Mshairi Juvenal, aliyeishi enzi hizohizo, alilalamika kwamba nyumba za kupanga jijini Roma zilikuwa zimeegemezwa kwa nguzo zisianguke.