Vila ya Kirumi ni nyumba ya shamba

Juzi nimelisikia tena kosa la kuita vila nyumba ya mjini ya Kirumi, safari hii kwenye video ya utalii: msimulizi anaonyesha Casa del Fauno, nyumba kubwa ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi huko Italia, na kuiita vila. Si vila. Kwa Warumi, vila ilikuwa nyumba ya shamba, pamoja na ardhi na kazi zake. Nyumba ya mjini ya mwenye mali iliitwa domus. Wasio na uwezo walipanga vyumba katika majengo ya ghorofa, insula, yaani "kisiwa".

Ukubwa hauhusiki. Casa del Fauno ina karibu meta za mraba 3,000 na imechukua eneo lote kati ya barabara nne. Sakafuni ndimo ilimotoka mozaiki ya vita vya Aleksanda Mkuu, ambayo sasa iko makumbusho ya Naples. Bado ni domus, kwa kuwa imo ndani ya kuta za mji.

Neno lenyewe lina harufu ya udongo. Msimamizi wa vila, kwa kawaida mtumwa, aliitwa vilicus. Baadaye mtu wa kazi za vila akaitwa villanus, na Wafaransa wakapata vilain: kwanza mkulima tu, kisha mtu asiye na adabu, mwishowe mtu mbaya. Hatuhitaji kwenda mbali kuielewa safari hiyo. Tazama tulivyolifanya neno mshamba. Kwa hiyo inaniuma kuona vila imebaki na fahari tupu, hadi mabango ya nyumba za kuuza Dar es Salaam na Nairobi yanaiita vila nyumba isiyo na hata mwembe mmoja.

Kweli, matajiri wa Roma walijenga pia vila za kupumzikia ufukweni. Hizo nazo zilikuwa nje ya mji.

Ukifika Villa dei Misteri, nje kidogo ya lango la Pompeii, utawakuta wageni wamejazana kwenye chumba chenye kuta nyekundu na watu waliochorwa karibu kwa kimo chao halisi. Wachache huingia chumba cha kukamulia zabibu. Humo umeundwa upya mtambo wa mbao, na ncha ya boriti yake nene imechongwa kichwa cha kondoo dume.

Basi ndugu msimulizi, Casa del Fauno iite domus, au nyumba ya mjini tu, inatosha. Jina la vila liachie hii yenye boriti.