Mshipa juu ya mshipa: neva za ateri ndogo

Neno "mshipa" Mombasa limebebeshwa mizigo mingi. Mshipa wa shingo umemvuta. Mshipa wa kichwa umepasuka. Fulani ana mshipa, na hapo watu hushusha sauti, kwa kuwa sasa inatajwa ngiri. Daktari hutenganisha: mishipa ya kupitisha damu ni ateri na vena, na ile ya kupeleka habari ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Ila kuna mahali mishipa ya aina hizi mbili imeshikana kwelikweli, nako ni kwenye ukuta wa ateri ndogo.

Hizi ni ateri za mwisho kabla damu haijaingia kwenye kapilari, vile vijia vyembamba kuliko vyote. Upana wa ateri hizi hauzidi sehemu ya kumi ya milimita. Ukuta una tabaka tatu: ndani utando laini unaoguswa na damu, katikati misuli iliyozunguka kama pete, na nje ganda la nyuzinyuzi. Neva hutambaa kwenye ganda hilo la nje, zimeivika ateri kama wavu, na huishia mpakani mwa misuli.

Watu husema "seli za neva zilizo ukutani", lakini seli yenyewe haikai hapo. Kiini chake kiko kwenye vifundo vilivyojipanga kando ya uti wa mgongo. Kinachofika ukutani ni uzi wake tu. Uzi wa ateri za kidole cha mguu umetokea huko kiunoni. Na ukiutazama kwa hadubini, mwisho wake haukunyooka: una vivimbe vilivyofuatana kama chembe za tasbihi. Kila chembe imehifadhi noradrenalini, kemikali ambayo neva huitumia kuiamrisha misuli. Habari ikipita, chembe humwaga kemikali yake, misuli hujikaza, na njia ya damu hupungua. Aliyeonyesha kuwa kemikali hiyo ni noradrenalini ni Ulf von Euler wa Uswidi, mwaka 1946, na mwaka 1970 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli.

Kupungua kidogo si jambo dogo. Upana wa mshipa ukiwa nusu ya ulivyokuwa, na shinikizo likabaki lile lile, damu inayopita haiwi nusu. Huwa sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana shinikizo la damu la mwili mzima hutawaliwa zaidi na vijia hivi visivyoonekana kwa macho kuliko na ateri kubwa.

Neva hizi hazilali. Muda wote huwa zimeikaza misuli kiasi, na mahali pengi hakuna neva nyingine ya kuamriwa na ubongo kufungulia: njia hupanuka kwa hizi kulegeza. Claude Bernard aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1850 alipokata neva ya shingoni mwa sungura. Sikio la upande ule likapata joto, maana hakukuwa tena na wa kuzibana ateri zake.

Jioni moja ya kaskazi, barazani Mji wa Kale, mzee wetu mmoja aliinuka ghafla baada ya kahawa, akashika ukuta. "Polepole, ami," kijana akamwambia, akimpa mkono. Mtu akisimama, kama nusu lita ya damu huteremka miguuni. Vipimo vilivyo shingoni na kwenye ateri kuu hulihisi shinikizo likishuka, ubongo ukaamrisha, na zile tasbihi zikamwaga. Kwa kawaida yote hayo huisha kabla hujatia mguu kwenye kiatu. Lakini joto limekwisha kuifungua mishipa ya ngozi, na baadhi ya dawa za presha, kama prazosini, huzuia noradrenalini isiishike misuli. Kisukari cha miaka mingi nacho huzila neva zenyewe. Hapo ndipo kisunzi huja. Yule mzee alitulia pumzi mbili tatu, akaenda zake.

Zimo pia ukutani humo neva za kuhisi, na kazi yake ni kinyume. Aliyewahi kutoa mbegu za pilipili mbuzi kwa mkono mtupu ili apike achari anazijua, hata kama hajui jina lake. Ukali wa pilipili huamsha neva za maumivu. Nazo, mbali na kupeleka habari ubongoni, humwaga papo hapo kemikali za kupanua ateri. Damu hujaa, kiganja hupata joto la kweli mtu mwingine akikigusa. Ukiungua hivyo, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha uoshe kwa sabuni. Ule ukali huyeyuka kwenye mafuta. Maji matupu hauyajali.