Alkali si ukali

"Ndimu hii ina alkali nyingi mno, tieni maji muitangue," alisema mzee mmoja barazani Langoni, mtaa wa hapa Lamu, uso ameukunja juu ya gilasi ya sharubati. Ni mkubwa kwangu, nikanyamaza. Siku mbili baadaye mwanafunzi wa sekondari akanambia hivyo hivyo, na huyo sikuweza kumnyamazia.

Kutangua ni hivi: asidi na alkali zikikutana kwa kiasi kinacholingana, kila moja huiondolea mwenzake nguvu, zikabaki chumvi na maji. Asidi ya hidrokloriki na alkali iitwayo hidroksidi ya sodiamu huzaa chumvi hii hii ya mezani. Basi.

Kinachonikera ni hiyo "kali" wanayoisikia ndani ya "alkali", wakadhani ndimu ikiwa kali basi ina alkali, kumbe ina asidi. Alkali haina undugu nayo. Ni neno la Kiarabu, al-qali, jivu la mimea ya ardhi ya chumvi, lililotumika kutengenezea sabuni na kioo. Hiyo "al" ni ile ile ya alfajiri na alasiri. Asidi ndiyo yenye asili ya uchachu, kutoka Kilatini. Kwa hiyo anayetaka kuiona alkali hapa Lamu aiache ndimu, afungue kijaluba cha tambuu. Chokaa iliyomo ndiyo alkali: ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni, kisha yakamwagiwa maji yakachemka yenyewe bila moto chini. Nakubali, ulimi wetu umechangia kosa: ndimu kali, pilipili kali, na tambuu ikizidi chokaa ikakubabua mdomo, nayo twaiita kali.

Tena maji hayatangui. Maji huzimua, kama unavyozimua maji ya moto ya kuoga. (Walevi wana kuzimua kwao, tuwaachie.) Chukua mililita 10 za asidi ya hidrokloriki yenye pH 1 (pH ni kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), ongeza maji hadi zitimie 100: pH imefika 2. Asidi yote imo, imetawanyika tu, na litmasi ya buluu, karatasi ya kupimia asidi, bado itageuka nyekundu. Endelea kumimina mpaka ndoo ifurike, utaikaribia 7 lakini hutaivuka. Kutanguka si hivyo: udhu ukitanguka hauzimuki kidogo kidogo, umeondoka.

Basi mzee wangu, sharubati yako ilizimuka, haikutanguka, na kilichokukunja uso ni asidi. Kuitangua kungetaka chokaa ya kijaluba chako mwenyewe, na sidhani hata wewe ungeinywa.