Je, Wajua Kwa Nini Mashabiki wa Bluegrass Hubishana Kila Mwaka Kuhusu Nani Aimbe Tamashani?

Kila mara waandaaji wa matamasha makubwa ya muziki wa bluegrass nchini Marekani wanapotangaza majina ya watakaotumbuiza, hoja ileile huzuka. Katika orodha kuna mwimbaji mmoja au wawili, mara nyingi wenye jina kubwa kuliko wenzao wote, ambao sehemu ya mashabiki husema hawakustahili kualikwa kwa kuwa wanachoimba si bluegrass. Wengine hujibu kwamba bila majina hayo tiketi hazitauzwa. Mtu asiyeujua muziki huu wa banjo, mandolini, fidla, gitaa na besi hushangaa kuona watu wazima wakichambua orodha ya wasanii kwa makini ya mahakimu, na maelezo anayopewa kwa kawaida ni haya: bluegrass ni muziki wa kale wa milima ya Appalachia, uliorithiwa kizazi baada ya kizazi, na wanaolalamika wanalinda urithi wa mababu dhidi ya wageni.

Maelezo hayo yanaridhisha kwa haraka, lakini hayapatani na historia, na kwa kuwa yamerudiwa sana yanastahili kusahihishwa kwa kituo.

Tuanze na umri wa muziki wenyewe. Bill Monroe, anayetambuliwa kuwa baba wa bluegrass, alizaliwa mwaka 1911 huko Rosine, Kentucky, na bendi yake aliiita Blue Grass Boys kwa heshima ya jimbo lake, ambalo Wamarekani hulitaja kwa sifa ya nyasi zake. Bendi hiyo iliingia katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, mjini Nashville, mwaka 1939. Hata hivyo, ule mlio ambao leo msikilizaji akiupata kwa sekunde chache hutambua kuwa ni bluegrass ulikuwa haujakamilika. Ulikamilika kuanzia Desemba 1945, alipojiunga kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina, Earl Scruggs, ambaye alipiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi na unyoofu ambao wasikilizaji wa Opry hawakuwa wameuzoea. Lester Flatt aliimba na kupiga gitaa, Chubby Wise alishika fidla, Howard Watts besi, na Monroe mwenyewe mandolini. Rekodi walizozifanya kwa kampuni ya Columbia kuanzia Septemba 1946 ndizo zilizokuja kuwa kipimo.

Muziki huu, basi, ni mdogo kwa umri kuliko redio iliyouneza. Uliundwa na wanamuziki wa kulipwa, mbele ya maikrofoni, kwa ajili ya wasikilizaji wa majimbo mengi ambao wengi wao hawakuwa watu wa milimani. Monroe aliishi hadi mwaka 1996 na Scruggs hadi mwaka 2012, hivyo baadhi ya mashabiki wanaobishana leo waliwaona waanzilishi hao kwa macho yao wenyewe.

Wala hapakuwa na wakati ambapo muziki huo ulikuwa safi kwa maana inayodaiwa na watetezi wake wakali. Monroe aliporekodi mwaka 1945, kabla ya kuja kwa Scruggs, bendi yake ilikuwa na kodiani, na aliyekipiga chombo hicho alikuwa mwanamke, Sally Ann Forrester. Mwaka 1951 kampuni ya Decca ilimrekodi pamoja na wapigaji wa studio wa Nashville, wakiwemo wa gitaa la umeme na wa dramu. Kabla ya hayo yote, Monroe mwenyewe alisema kwamba miongoni mwa waliomfunza alipokuwa kijana ni Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi wa Kentucky aliyepiga gitaa na fidla katika dansi za mashambani. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kurekodiwa, kwa hiyo kiasi cha mchango wake tunakijua kwa ushahidi wa wale waliomsikia tu, na si haki kuupunguza wala kuupamba kupita ushahidi huo. Banjo nayo ilitokana na vyombo vya vibuyu ambavyo Waafrika waliokuwa watumwa walivitengeneza katika visiwa vya Karibi na baadaye Amerika Kaskazini, wakifuata kumbukumbu za Afrika Magharibi. Chombo cha akonting cha Senegambia kinafanana nayo kwa namna ya kuvutia sana, ingawa kukitaja kuwa mzazi wake wa pekee ni kukaza hoja kuliko ushahidi, kwa sababu vyombo vya aina hiyo vilikuwa vingi.

Ikiwa muziki ni mchanga na wenye asili nyingi hivyo, ubishi juu ya nani aimbe unatoka wapi? Kwa maoni yangu, jibu liko kwenye tamasha lenyewe. Watu hudhani kwamba kwanza ilikuwapo fasili ya bluegrass, kisha yakaja matamasha ambayo ama yaliitii ama yaliivunja. Mambo yalikwenda kinyume: orodha ya wasanii wa tamasha ilikuwa miongoni mwa njia kuu zilizotumika kuuwekea muziki huu mipaka tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1940 hakuna aliyeuita mtindo huo bluegrass. Jina la bendi ya Monroe liligeuka kuwa jina la mtindo katika miaka ya 1950, wakati bendi nyingine zilikuwa tayari zikiufuata, na si kwa ridhaa yake. Ndugu wawili Carter na Ralph Stanley wa Virginia walitoa mwaka 1948 wimbo ambao Monroe alikuwa ameurekodi mwaka uliotangulia lakini ulikuwa haujatoka. Columbia ilipowasajili ndugu hao, Monroe aliihama kampuni hiyo. Flatt na Scruggs walikuwa wameshamwacha mwaka 1948 na kuunda bendi yao, nao wakawa maarufu kuliko yeye: wimbo wao wa kipindi cha televisheni cha vichekesho ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa country mwanzoni mwa mwaka 1963. Mwaka huohuo Ralph Rinzler, mpiga mandolini na mtafiti aliyekuja kuwa meneja wa Monroe, alichapisha makala iliyomtaja Monroe kuwa ndiye chimbuko la mtindo mzima.

Ndipo Septemba 1965, katika shamba la farasi huko Fincastle, Virginia, promota Carlton Haney akaandaa tamasha la siku tatu la bluegrass pekee. Huko nyuma palikuwa na maonyesho ya siku moja, likiwemo la Luray, Virginia, mwaka 1961, lakini la Fincastle ndilo lililoigwa baadaye. Kilele chake kilikuwa Jumapili, Haney alipoisimulia historia ya muziki huu jukwaani kwa kuwaita mmoja baada ya mwingine watu waliowahi kupiga katika bendi ya Monroe, kila mmoja akaimba naye nyimbo za zama zake. Kupanda jukwaani siku hiyo kulikuwa sawa na kutangazwa kuwa sehemu ya ukoo. Na hata hapo ukoo haukukamilika, kwani Flatt na Scruggs hawakuwapo, ilhali Doc Watson, mpiga gitaa mashuhuri ambaye hakuwa amepita katika bendi hiyo, alikuwapo. Monroe na Flatt walipatana miaka sita baadaye, mwaka 1971, katika tamasha la Monroe mwenyewe huko Bean Blossom, Indiana. Shabiki anayeuliza leo kwa nini fulani yumo na fulani hayumo anauliza swali ambalo tamasha la aina hii lilibuniwa ili kulijibu.

Liko jambo la pili, la ufundi, na hili ndilo linalofanya ubishi uwe mkali kuliko ule wa mashabiki wa mitindo mingine. Bendi ya bluegrass ya kawaida haina dramu. Mdundo wake umegawanywa kati ya vyombo vyote, na kila mpigaji anabeba kipande chake.

Fikiria wanawake wawili wanaotwanga mahindi katika kinu kimoja. Mchi wa kwanza unashuka, unapopanda wa pili unashuka, na uzuri wa kazi uko katika nafasi ambayo kila mmoja anamwachia mwenzake. Katika bluegrass, besi ni mchi wa kwanza: katika kila mapigo manne inagonga la kwanza na la tatu. Mandolini ni mchi wa pili: inakata pigo la pili na la nne kwa mlio mfupi, mkavu, kwa sababu mpigaji akishagonga nyuzi hulegeza mara moja vidole vya mkono wa kushoto ili mlio ufe. Kati ya mapigo hayo banjo inamwaga noti nane nane bila kukatika, kama punje zinavyorukaruka ndani ya kinu, na gitaa linaunganisha noti za chini na mkwaruzo wa nyuzi za juu. Watwangaji waliozoeana wanaweza kumwingiza wa tatu, hata kuongeza kasi, mradi anayeingia asikilize kwanza na atafute nafasi iliyo tupu. Akija mtu na mchi mzito akapiga bila kuangalia, michi inagongana, nao wale wa awali hawana la kufanya ila kuinua mikono.

Dramu ni mchi huo mzito. Si kwamba ni chombo kibaya. Tatizo ni kwamba inayafanya mapigo yote manne peke yake, na kwa hiyo mandolini inanyang'anywa kazi yake na besi inabaki kufuata. Mwimbaji naye ni mtwangaji. Waimbaji wa bluegrass huimba wakiwa juu kabisa ya pigo, wakisukuma mbele, ilhali mwimbaji wa country ya kisasa au wa roki mara nyingi hupumzika nyuma ya pigo na kuyaachia maneno yajivute. Juu ya sauti yake inatakiwa kukaa sauti ya tenori, ya juu na kali, na chini yake sauti nzito zaidi, baritoni. Akipamba na kupindisha kila mstari apendavyo, wawili hao hawawezi kumfuata. Mashabiki wanayasikia haya kwa sababu wengi wao ni wapigaji. Katika kambi na maegesho ya magari ya tamasha, watu huketi na vyombo vyao hadi usiku wa manane wakipiga nyimbo wanazozijua wote, na mtu aliyefanya kazi ya mchi wa pili kwa saa nne hahitaji kuelezwa kilichopungua anapoisikia bendi jukwaani.

Suala la tuni, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake, pia lina uzito, nalo limewaumiza wanawake hasa. Nyimbo nyingi za msingi ziliwekwa katika tuni za G, A na B, zinazoifaa sauti ya juu ya mwanamume na zinazoipa banjo, ambayo nyuzi zake hukazwa kwa noti za G, nafasi ya kutumia nyuzi tupu, yaani zisizobanwa kwa vidole. Mwanamke anayehitaji D, E au F huwalazimisha wapigaji kubadili mazoea ya vidole, na kwa miaka mingi usumbufu huo ulitolewa kama hoja kwamba sauti yake haifai. Waimbaji Hazel Dickens na Alice Gerrard, waliotoa santuri yao ya kwanza mwaka 1965, na baadaye Alison Krauss, waliuonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Kutokujua tuni ni upungufu wa mpigaji, na siuoni kuwa sababu ya haki ya kumwacha mwimbaji nje ya orodha.

Waandaaji wamelishughulikia suala hili kila mmoja kwa njia yake. Tamasha la MerleFest la North Carolina, lililoanza mwaka 1988 kwa kumbukumbu ya Merle, mwana wa Doc Watson, lilipokea wazo la Watson kwamba muziki wa asili ya milima uwe msingi na juu yake kiongezwe chochote ambacho wanamuziki wanapenda kukipiga. Telluride, Colorado, limekuwa likichanganya tangu miaka ya 1970, na nguzo yake ni Sam Bush, ambaye bendi yake ya New Grass Revival iliundwa mwaka 1971 na iliwaudhi wakongwe wengi. San Francisco ilianza mwaka 2001 na tamasha la bure ambalo jina lake liliahidi bluegrass tupu. Kufikia mwaka 2004 orodha ilikuwa pana kiasi kwamba jina lilibadilishwa kuwa Hardly Strictly Bluegrass. Naona uamuzi huo ulikuwa wa heshima, kwa kuwa msikilizaji aliambiwa mapema anachokwenda kukisikia.

Kipimo ambacho naona kinasimama vizuri zaidi kinaangalia mwimbaji anaingiaje katika mdundo, na jina lake au alikotoka havina nafasi kubwa. Mwaka 1999 Dolly Parton, nyota wa country na pop kwa miongo mingi, alirekodi albamu ya bluegrass pamoja na wapigaji kama Jerry Douglas, Stuart Duncan na Sam Bush, na ndani yake akauchukua hata wimbo wa mwanamuziki wa pop Billy Joel na kuuingiza kinuni pamoja na nyimbo za asili. Chama cha kimataifa cha bluegrass, IBMA, kiliipa tuzo ya albamu ya mwaka 2000. Kwa upande mwingine, bendi ya Osborne Brothers, watoto wa bluegrass kwa kila hali, ndio walioongeza dramu na vyombo vya umeme mwishoni mwa miaka ya 1960 na kushutumiwa vikali na mashabiki wa matamasha. Sauti zao tatu zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1994 chama hichohicho kiliwaingiza katika orodha yake ya heshima.