Tagi ya kusukuma na tishari: kiungo ndicho kinachoamua usukani

Tishari ni chombo cha mizigo kisicho na injini. Tumbo lake ni bapa, pembe zake zimekaribia mraba, na mara nyingi hata usukani halina. Hupakiwa makaa, nafaka, mafuta au kokoto, kisha hungoja chombo cha kulipeleka. Chombo hicho ni tagi, boti fupi yenye injini kubwa kupita umbo lake. Anayeijua tagi kutoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam ameiona ikivuta meli kwa kamba, au ikiegemeza pua ubavuni mwa meli na kuisogeza gatini. Kazi hiyo ikiisha wanaachana. Tagi ya kusukuma haiachani na mzigo wake kirahisi hivyo. Inajifunga nyuma ya tishari, au nyuma ya kundi zima la matishari, na vyote vinasafiri pamoja kwa siku kadhaa, pengine wiki.

Vikishafungwa, usukani ulio kwenye tagi unaongoza nini? Jibu linategemea kiungo. Kikiwa kimekazwa barabara, tagi na matishari huwa chombo kimoja kirefu chenye usukani nyuma. Kikilegea, usukani unaigeuza tagi peke yake, na tishari linakwenda linakotaka. Ni kama kusukuma mkokoteni ambao mpini wake unacheza: nguvu unayo, lakini mwelekeo huna.

Basi kwa nini wasivute tu? Kuvuta kuna faida yake, na kwenye bahari iliyochafuka bado ndiyo njia ya kutegemewa. Kamba ndefu ya mamia ya mita hunywa mshtuko wa mawimbi, na kila chombo hupanda na kushuka kivyake. Shida ni kwamba tishari linalovutwa hutangatanga kushoto na kulia nyuma ya tagi. Maji yanayorushwa na rafadha, yaani panga la kusukumia la tagi, hulipiga usoni na kupunguza mwendo. Zaidi ya yote, halina breki. Tagi ikisimama ghafla, tishari linaendelea kuja. Anayesukuma anaweza kurudisha injini nyuma na kulizuia tishari lake, na mtoni, ambako kuna madaraja, kona na vyombo vingine, uwezo huo una thamani kuliko mwendo.

Chombo chochote majini kina namna sita za kucheza: kwenda mbele na nyuma, kusogea kwa ubavu, kuinuka na kushuka, kulala ubavu huu na ule, kuinamisha omo (sehemu ya mbele) na kuiinua, na kugeuka kushoto au kulia. Kuunga vyombo viwili ni kuamua ni michezo ipi kati ya hiyo sita itazuiwa na ipi itaachwa. Kamba ya kuvutia inaiacha karibu yote. Waya za mtoni zinajaribu kuizuia yote. Viungo vya baharini, ambavyo ndivyo vigumu kuvibuni, huzuia mitano na kuacha mmoja.

Mto ambao kazi hii imefika mbali zaidi ni Mississippi, Marekani, pamoja na Ohio inayomimina maji ndani yake. Makaa ya mawe yalikuwa yakisukumwa huko tangu enzi za mvuke. Mwaka 1907 boti ya mvuke iliyoitwa Sprague ilishuka mto na matishari 60 ya makaa, zaidi ya tani 67,000 kwa mkupuo mmoja. Leo tishari la kawaida la huko lina urefu wa mita 59 na upana wa mita 10.7, na hubeba tani 1,500 hivi. Sehemu ya juu ya mto husukumwa matishari 15 kwa kawaida: safu tatu, kila safu matano. Ukiongeza na boti yenyewe unapata kitu chenye urefu wa zaidi ya mita 300 na upana wa mita 32, kinachoongozwa na mtu mmoja aliyekaa nyuma kabisa.

Kinachokifanya kitu hicho kiwe kimoja ni waya za chuma. Mabaharia huzipitisha kwenye vigingi vilivyo pembeni mwa kila tishari, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mshazari, nyingine kukatiza kutoka tishari moja hadi jirani yake. Kila waya hukazwa kwa kikaza chenye meno, na mtu huning'inia kwenye mtaimbo wake hadi waya inapolia. Waya za mshazari ndizo zenye kazi kubwa zaidi, maana ndizo zinazokataza tishari moja kuteleza mbele ya jingine pale kundi linapogeuka. Kazi hii inafanywa kwa mkono, usiku na mchana, juu ya chuma chenye unyevu. Waya ikikatika hurudi kwa kasi ya kumkata mtu mguu, kwa hiyo jambo la kwanza baharia mpya analofundishwa ni mahali pa kutosimama.

Mpangilio nao una akili yake. Matishari yenye omo iliyochongwa kwa mteremko huwekwa mbele kabisa, kwa sababu hupasua maji vizuri. Yale yenye ncha zilizokatwa wima huwekwa katikati, ili yagusane ubapa kwa ubapa bila kuacha mianya ya maji kuzunguka ndani. Mwishoni inakuja boti. Kwenye pua yake ina nguzo mbili nene za chuma zilizosimama wima, na hizo ndizo zinazoegemea tishari la nyuma. Ni ndefu kwa sababu tishari lililojaa huzama karibu mita 2.7, na likiwa tupu huelea juu juu tu. Nguzo fupi ingefaa kwa hali moja na kukosa nyingine. Kisha waya nene kutoka winchi za boti huvutwa hadi kwenye tishari na kukazwa, na boti inakuwa imeshika.

Sasa usukani. Chombo kirefu kinachokwenda mbele hakigeuki kwa kupeleka pua upande. Usukani unasukuma tezi, yaani sehemu ya nyuma, upande mmoja, na omo inaelekea upande wa pili. Kiini cha mzunguko kiko mbele ya katikati, kwa hiyo tezi ndiyo inayofagia eneo kubwa. Mgeni huangalia kama omo itapita chini ya daraja, na rubani mzoefu anaangalia pia nyuma yake, maana omo ikishapita salama bado tezi inaweza kuvaa nguzo.

Boti za Mississippi zina sukani za aina mbili. Nyuma ya kila rafadha kuna usukani wa kawaida, unaofanya kazi boti inapokwenda mbele. Mbele ya kila rafadha kuna sukani nyingine mbili, ambazo kazi yake huja injini zinaporudishwa nyuma: maji ya rafadha huelekezwa mbele na kuzipiga hizo. Bila sukani hizo, boti inayorudi nyuma haina mwelekeo.

Rubani anazihitaji hasa anaposhuka na mkondo kwenye kona kali. Wengi hudhani usukani unashindwa kwa sababu mkondo unatoka nyuma. Sivyo. Usukani unajua tu maji yanayopita kwake, na boti inayoshuka bado inakwenda kasi kuliko maji yake. Tatizo ni ukingo: nchi kavu inapita haraka, muda wa kugeuka ni mfupi, na kwenye kona mkondo wa nje una kasi kuliko wa ndani, kwa hiyo omo na tezi hazisukumwi kwa nguvu sawa. Rubani anaweza kupita kwa nguvu za injini na kuomba Mungu, au anaweza kurudisha injini nyuma hadi kundi liende polepole kuliko mto wenyewe. Akifanya hivyo, mkondo unaikamata omo na kuizungusha kwenye kona, na yeye anaishika tezi mahali pake kwa zile sukani za mbele ya rafadha. Ni kazi ya pole pole, inakula saa, na kwa maoni yangu ndiyo inayomtenganisha rubani na mtu anayeshika usukani tu.

Haya yote yanawezekana pale tu waya zimekaza. Waya za safu ya kushoto zikilegea kidogo, kundi linapinda katikati, na usukani unapoteza sehemu ya nguvu zake kunyoosha kundi badala ya kuligeuza. Ndiyo maana mabaharia hutembea juu ya matishari kila zamu wakikaza upya. Kwenye malango ya mto, yaani vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia vyombo, yenye urefu wa mita 183, ambayo ni mengi sehemu ya juu ya mto, kundi la matishari 15 haliingii. Hukatwa vipande viwili: matishari tisa hupitishwa kwanza bila boti, kisha sita pamoja na boti, halafu yote hufungwa tena upande wa pili. Chini ya mji wa St. Louis hakuna malango kabisa, na huko makundi hufika matishari 30, 40 na zaidi.

Umbali kati ya rubani na omo una hatari yake pia. Usiku wa 22 Septemba 1993, karibu na Mobile katika jimbo la Alabama, boti iitwayo Mauvilla ikisukuma matishari sita ilipotea kwenye ukungu na kuingia mkono wa maji usiopitwa na matishari, Big Bayou Canot. Tishari la mbele kabisa likagonga daraja la reli. Kwa aliyekuwa nyuma, mgongano ule ulihisiwa kama kundi limepanda fungu la mchanga. Daraja halikuanguka, lilisogea kama mita moja. Dakika chache baadaye ikapita treni ya abiria, na watu 47 wakafa. Wachunguzi walisema rubani hakuwa amefundishwa vya kutosha kutumia rada.

Wasomaji wa Kisangani hawahitaji kuambiwa misafara hii ikoje. Kati ya Kinshasa na Kisangani, kilomita 1,700 hivi za Mto Kongo bila lango hata moja, boti husukuma matishari yaliyofungwa mbele na mengine ubavuni, yamejaa mizigo, abiria na wachuuzi, na mitumbwi hujishikiza njiani wakati msafara unaendelea. Tishari la ubavuni linaongeza mzigo bila kuongeza urefu, jambo zuri kwenye kona. Lakini linavuta upande mmoja, na rubani hulazimika kuelemeza usukani upande wa pili safari nzima. Mafungu ya mchanga nayo huhama msimu hadi msimu. Kwa hiyo mbele kabisa husimama watu wenye fito ndefu, wakipima kina na kumpa ishara aliye nyuma. Hizo fito ni sehemu ya usukani kama ilivyo gurudumu lenyewe.

Baharini waya hazifai. Wimbi linaloinua tishari na kuishusha tagi kwa wakati mmoja lingezikata zote katika saa ya kwanza. Wabunifu walianza kwa kukata mwanya kwenye tezi ya tishari ili tagi iingize pua humo. Kisha wengine wakajaribu kukaza kabisa. Aina moja ya miaka ya 1970 ilikuwa na tagi ya matumbo mawili iliyokumbatia ulimi wa tishari, na matokeo yake yalikuwa meli ya kawaida, isipokuwa inaweza kukatwa vipande viwili. Njia iliyoshinda ni ya pini. Kila ubavu wa tagi, kuelekea mbele, una pini nene inayosukumwa nje hadi ikamate meno ya chuma kwenye ukuta wa mwanya. Pini mbili zilizo kwenye mstari mmoja wa kukatiza zinafanya kazi ya bawaba. Tagi inaweza kuinamisha na kuinua omo yake kivyake, na mengine yote inafanya pamoja na tishari. Mifumo inayojulikana ni Intercon ya Marekani na Articouple ya Japani.

Meno hayo ya ukutani yapo mengi kwa wima kwa sababu kina cha tishari hubadilika. Likipakuliwa mafuta huinuka mita kadhaa, tagi inabaki palepale, na pini hazina budi kuvutwa ndani kisha kushika jino jingine. Tishari nalo huwa na mapezi chini ya tezi ya kulishikilia lisiyumbe, na mengine yana rafadha ndogo kwenye omo inayoendeshwa kutoka kwenye tagi. Chumba cha usukani hupandishwa juu ya mnara mrefu, la sivyo tishari tupu lingemziba nahodha macho.

Sheria nazo zinauliza swali lilelile la kiungo. Mwaka 1981 walinzi wa pwani wa Marekani walitenganisha jozi zinazoweza kusukuma tu, ambazo huhesabiwa kama meli, na zile ambazo tagi yake inaweza kujitoa na kuvuta kwa kamba, ambazo hubaki tagi na tishari mbele ya sheria. Tofauti hiyo inahusu idadi ya mabaharia wanaotakiwa, yaani mishahara, na imechangia sana kuzifanya pini zipendwe. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinakwenda mbali zaidi. Kanuni ya 24 inasema tagi na tishari vilivyoungwa kwa kukazwa kabisa ni chombo kimoja cha injini na viwashe taa za chombo kimoja. Kama kiungo hakijakazwa hivyo, tagi huwasha taa mbili nyeupe za mlingoti zikiwa moja juu ya nyingine, na tishari huwasha taa zake za ubavuni, nyekundu na kijani, kwenye ncha yake ya mbele.